Rwenzori: mita chache zinazoamua kama ni mvua au theluji

MUTWANGA, Kivu Kaskazini. Asubuhi ambayo mawingu yametawanyika, wakaaji wa Mutwanga, katika sekta ya Ruwenzori, teritware ya Beni, wanaona weupe juu kabisa ya mlima. Mzee huonyesha kwa kidole, mtoto hutazama, na kabla ya saa nne mawingu yamekwisha kufunika yote. Chini, migomba imelowa mvua ya usiku. Juu, usiku huohuo, kutoka mawingu yaleyale, imeanguka theluji.

Wengi wanasema jambo hilo ni rahisi: juu kuna baridi, chini kuna joto. Ni kweli, lakini haitoshi. Vilele vinavyofikia mita 4,600, 4,700 na 4,800 vyote viko juu, na vyote vina baridi. Hata hivyo, katika miaka mia moja na kitu iliyopita, vingine vimepoteza barafu yao kabisa, na vingine viliendelea kuishika kwa miaka mingi zaidi. Tofauti ya kimo kati ya mlima uliopoteza na mlima uliobaki nayo ni mita 45 tu. Mtu akitembea barabarani hata hazihesabu.

Historia ya mita hizo ni historia ya wasafiri, ya wapagazi waliokufa kwa baridi, ya mpaka wa Congo na Uganda, na ya jina ambalo watu wa mlima waliupa mlima wao kabla mgeni yeyote hajafika.

Jina lilikuwapo kwanza

Kwa Bakonzo wa upande wa Uganda na ndugu zao Banande wa upande wa Congo, theluji haikuhitaji kugunduliwa. Katika Kikonzo inaitwa nzururu, na ndiyo maana ya jina Rwenzururu: mahali pa theluji. Jina ambalo ramani zinaandika leo, Rwenzori, limetoka huko. Katika imani ya wazee, Kitasamba, mwenye nguvu juu ya watu na mazao, anakaa huko juu penye weupe. Mwindaji alijua mahali pa kusimama. Chini ya hapo ni pori la kutega wanyama. Juu ya hapo si mahali pa mtu.

Kwa maneno mengine, watu wa mlima walikuwa wamekwisha kuona kwamba kuna mstari, na kwamba huu mstari hauhami sana. Jambo hilo la pili ni kubwa kuliko linavyoonekana.

Ulaya, theluji hupanda na kushuka pamoja na majira. Wakati wa baridi inafika mpaka mashambani na mijini, na wakati wa joto inarudi juu ya milima, maelfu ya mita. Karibu na Ikweta haiko hivyo. Hapa Januari na Julai hazitofautiani sana kwa joto. Tofauti kubwa ni kati ya mchana na usiku wa siku moja. Kwa hiyo mstari wa theluji katika Rwenzori unakaa karibu palepale mwaka mzima, katika majira ya mvua na katika kiangazi. Mlima ulio juu kidogo ya mstari huo unapata theluji miezi yote kumi na miwili. Mlima ulio chini kidogo unapata mvua miezi yote kumi na miwili. Hakuna majira ya baridi yatakayokuja kuusaidia ule wa chini.

Hesabu ya digrii na mita

Hewa inapopanda mlima inapoa. Kwa wastani, kila mita 100 za kupanda zinaondoa digrii 0.65 hivi za joto. Mtu akichukua kwa mfano mahali penye kimo cha mita 1,200 na joto la digrii 23, akapanda mpaka mita 4,700, amepanda mita 3,500. Joto limepungua kwa digrii 23 hivi, na amefika karibu na sifuri, mahali maji yanapoganda.

Katika nchi za Ikweta, kimo hicho cha digrii sifuri kinakuwa mara nyingi kati ya mita 4,600 na 4,900. Na vilele vya Rwenzori viko wapi? Milima yake sita mikubwa ina vimo hivi: Luigi di Savoia mita 4,627, Gessi 4,715, Emin 4,798, Baker 4,843, Speke 4,890, na Stanley 5,109. Mitano kati ya sita iko ndani ya nafasi hiyohiyo nyembamba ambamo mvua inageuka kuwa theluji. Ni Stanley peke yake unaoipita waziwazi.

Tone la mvua juu ya Rwenzori huanza mara nyingi kama chembe ya barafu ndani ya wingu. Linaposhuka na kupita kimo cha sifuri, linaanza kuyeyuka, na baada ya kushuka mita 200 au 300 katika hewa yenye joto kidogo, limekuwa maji. Ndiyo maana wingu moja linaweza kumwaga theluji kavu juu ya kilele, theluji yenye maji kwenye bega la mlima, na mvua ya kawaida bondeni, kwa saa ileile.

Isichanganywe na mvua ya mawe. Mawe ya mvua ni mazito, yanashuka haraka, na yanaweza kufika Beni, Butembo au Goma kabla ya kuyeyuka. Theluji ni nyepesi, inashuka polepole, na haina nguvu ya kuvuka hewa ya joto. Kwa sababu hiyo mtu anaweza kuishi maisha yake yote chini ya mlima, akaokota mawe ya barafu uani kwake, bila kushika theluji hata siku moja.

Likiongezwa jambo lingine, hesabu inakuwa kali zaidi. Theluji mpya ni nyeupe, na weupe unarudisha mwanga wa jua. Barafu iliyofunikwa na theluji ya jana inajikinga. Lakini mvua ikinyesha juu ya barafu badala ya theluji, inaosha ule weupe. Inabaki barafu ya zamani, yenye rangi ya kijivu na vumbi, nayo inakunywa joto la jua. Kwa hiyo mlima ulioshuka chini ya mstari haupotezi tu theluji mpya. Unaanza kupoteza pia ile iliyokusanywa na babu zake.

Mlima wa chumvi

Samuel Baker alifika ziwa Albert mwaka wa 1864 na kurudi bila kuona theluji. Mawingu ya Rwenzori yalificha kila kitu. Huko Kilimanjaro, mmisionari Johannes Rebmann alikuwa ameiona theluji mwaka wa 1848, na wataalamu wa London walimcheka: theluji karibu na Ikweta, namna gani?

Upande wetu habari iliandikwa mwaka wa 1888. Henry Morton Stanley alikuwa amevuka msitu wa Ituri pamoja na msafara wake, akimtafuta Emin Pasha. Mwezi wa Aprili, wenzake wawili, Parke na Jephson, walisema wameona theluji kwa mbali. Tarehe 24 Mei, karibu na ziwa Albert, kijana mmoja wa msafara alimwonyesha Stanley mlima uliofunikwa, kama ilivyosemwa, na chumvi.

Neno hilo halikuwa la kipumbavu. Upande wa pili wa mlima, Katwe, watu walichota chumvi tangu zamani na kuiuza mbali. Kwa yule asiyejua theluji, kitu cheupe kinachong'aa juani kinafanana na nini zaidi ya chumvi? Stanley aliangalia, mwanzoni akadhani ni wingu, kisha akaelewa. Jina la kijana huyo halikuandikwa. Jina la Stanley ndilo liliwekwa baadaye juu ya mlima.

Mwaka uliofuata, Juni 1889, Stanley alimtuma ofisa wake William Stairs apande kutoka bonde la Semliki, upande ambao leo ni Congo. Stairs alifika zaidi ya mita 3,200, akarudi kwa baridi na uchovu, bila kukanyaga theluji. Ni Stairs huyohuyo ambaye mwaka wa 1891 aliongoza msafara wa Katanga ambamo mfalme Msiri aliuawa.

Mwaka huohuo wa 1891, Mjerumani Franz Stuhlmann, aliyesafiri na Emin Pasha, alipanda kwa njia ya bonde la Butahu, mto unaoshuka kwenye Semliki. Alipita msitu, mianzi na miti ya baridi, akafika zaidi kidogo ya mita 4,000. Aliona theluji juu yake. Hakuifikia. Tangu Stairs mpaka Stuhlmann mtu alikuwa amepanda mita 800 zaidi, na bado alikuwa kwenye nchi ya mvua. Walichokosa ni mita mia chache za mwisho.

Mwaka wa 1906: milima sita, yote na barafu

Aliyezipima mita hizo ni Luigi Amedeo wa Savoia, mtoto wa ukoo wa kifalme wa Italia, anayejulikana kama Duke wa Abruzzi. Alitoka upande wa Uganda mwaka wa 1906 pamoja na waongozaji wa milima ya Alpi, wataalamu, na mpiga picha Vittorio Sella. Juu, penye baridi kali, mizigo ilibebwa na Bakonzo. Tarehe 18 Juni alisimama juu ya kilele cha juu kabisa, akakiita Margherita kwa heshima ya malkia wa Italia. Kilele cha jirani alikiita Alexandra, malkia wa Uingereza. Alipima Margherita mita 5,125; vipimo vya leo vinasema 5,109. Kosa la mita 16 tu, kwa vyombo vya wakati ule.

Kazi yake ina thamani leo kwa sababu nyingine. Yeye na Sella waliacha ramani na picha za kila kilele. Katika ramani na picha hizo, milima yote sita ilikuwa na barafu ya kudumu, pamoja na Luigi di Savoia, ulio chini kuliko yote kwa mita 4,627. Wataalamu waliohesabu baadaye walipata jumla ya barafu 43 zenye majina, na eneo la kilometa za mraba 6.5 hivi.

Mwaka wa 1910, Waingereza na Wabelgiji walipatana juu ya mpaka, na mstari ulipitishwa juu ya kilele cha Margherita. Tangu hapo theluji moja ina nchi mbili. Mwaka wa 1932 ilikuwa zamu ya upande wa Congo: msafara wa Wabelgiji ulioongozwa na Xavier de Grunne ulipanda kutoka magharibi, ukiwa na wataalamu wa miti na wa mawe, na kufika kilele cha Albert, mita 5,087, ambacho hakuna aliyekuwa amekifikia kabla. Baadaye sehemu hiyo ya mlima iliingizwa ndani ya Parke ya Albert, ambayo leo ni Parke ya Taifa ya Virunga, na njia ya kupanda ikawekewa nyumba za kulala.

Njia hiyo, kutoka Mutsora karibu na Mutwanga, ni kama darasa. Kalonge, kwenye mita 2,100 na kitu, ni msitu wenye unyevu na matope. Mahangu, kwenye mita 3,300, ni miti ya baridi iliyoning'inizwa majani ya kuvu kama ndevu. Kiondo, juu ya mita 4,200, ni nchi ya mimea mikubwa ya ajabu na maziwa madogo ambayo Wabelgiji waliyaita Lac Noir, Lac Vert na Lac Gris. Huko Kiondo theluji inaweza kuanguka usiku, lakini jua likipanda inatoweka. Mita mia tatu juu zaidi, ile ya usiku inakutana na ile ya jana.

Karisimbi, Februari 1908

Kuna mahali pengine kwenye mpaka wa Congo ambapo mstari huo uliua watu, na si Rwenzori. Ni kusini, kwenye volkano za Virunga.

Karisimbi, kati ya Congo na Rwanda, una mita 4,507. Uko chini kidogo tu ya mahali theluji inapoweza kudumu. Hauna barafu. Lakini mara kwa mara, baada ya dhoruba, kilele chake kinaamka cheupe, na weupe huo unakwisha baada ya saa chache. Jina lake linafungwa na neno isimbi, lile la simbi nyeupe, na wengi wanalieleza kwa weupe huo.

Mwaka wa 1907 na 1908, Duke Adolf Friedrich wa Mecklenburg aliongoza msafara wa Wajerumani katika eneo la maziwa makubwa. Mtaalamu wake wa mawe, Egon Kirschstein, alikuwa akichunguza volkano. Mwezi wa Februari 1908, akiwa Karisimbi pamoja na wapagazi wake, dhoruba ya mvua ya mawe na theluji iliwakuta mahali pa wazi, penye maji na tope. Watu walikuwa na nguo za nchi ya joto, zilizolowa tayari. Wengine walilala chini, wakakosa nguvu ya kusimama tena. Wapagazi 20 walikufa.

Vitabu vya wasafiri vinasimulia jambo hilo kama msiba wa hali ya hewa. Lakini ni pia msiba wa mita. Mlima unaofunikwa na barafu siku zote unajulisha hatari yake kutoka mbali. Hakuna anayepeleka huko watu wasio na nguo. Mlima ulio chini kabisa ya mstari haujulishi kitu. Asubuhi ni kijani, mchana ni mvua, na jioni mvua hiyo, kwa kushuka kwa digrii mbili tu, inageuka theluji juu ya migongo ya watu. Majina ya wale 20 hayakuwekwa juu ya kilele chochote.

Mstari unapanda

Turudi Rwenzori. Miaka mia moja baada ya Duke wa Abruzzi, hesabu ilikuwa imebadilika. Eneo la barafu lilikuwa limeshuka mpaka kilometa za mraba 2 hivi mwaka wa 1987, na kilometa 1 hivi mwaka wa 2003. Barafu ilikuwa imebaki kwenye milima mitatu: Stanley, Speke na Baker. Ile mingine mitatu, Emin, Gessi na Luigi di Savoia, ilikuwa mawe matupu.

Ukiiweka kwenye mstari kwa kimo, hakuna hata mmoja uliokosea zamu yake. Iliyopoteza ni ile ya mita 4,627, 4,715 na 4,798. Iliyobaki nayo ni ile ya 4,843, 4,890 na 5,109. Kati ya Emin uliopoteza na Baker uliobaki kuna zile mita 45, yaani digrii 0.3 za joto. Mtu hawezi kuisikia tofauti hiyo kwa ngozi yake. Barafu inaisikia.

Kimo si kitu peke yake. Umbo la mlima pia linahesabika. Stanley una uwanda mpana juu, ambapo theluji inakusanyika na kukaa. Vilele vingine vina mbavu kali ambapo inateleza. Kivuli, upepo na mawingu ya mchana vinaongeza au kupunguza. Lakini umbo linaamua kasi. Kimo ndicho kilichoamua zamu.

Kuhusu sababu, wataalamu hawakukubaliana mara moja. Wengine, wakiangalia miaka ya tangu 1960, walisema ni joto: hewa ikipata digrii moja zaidi, mstari wa sifuri unapanda mita 150 hivi, na mita 150 ni nyingi kuliko nafasi kati ya Gessi na Baker. Wengine walikumbusha kwamba barafu ilikuwa imeanza kurudi nyuma tangu karibu mwaka wa 1880, kabla ya magari na viwanda kuwa vingi, wakati hali ya hewa ya Afrika ya Mashariki ilipokuwa kavu zaidi, mawingu yakapungua na jua likapiga barafu kwa nguvu. Mambo hayo mawili hayafutani. Ukavu ulianza kazi, na joto linaimaliza.

Wala si mara ya kwanza mstari huu kuhama. Zamani za mbali, miaka 20,000 hivi iliyopita, dunia ilipokuwa na baridi zaidi, ndimi za barafu za Rwenzori ziliteleza ndani ya mabonde mpaka karibu mita 2,000, kimo ambapo leo ni msitu. Vilima vya mawe zilivyovisukuma bado viko, hasa bonde la Mubuku upande wa Uganda. Digrii tano au sita zilitosha kuleta barafu mpaka huko. Digrii moja au mbili zinatosha kuiondoa iliyobaki.

Kinachopotea na kisichopotea

Kuna hofu moja inayosemwa mara nyingi chini ya mlima: theluji ikiisha, mito itakauka. Jambo hilo lina uzito, kwa sababu maji ya Rwenzori ndiyo yanayolisha mashamba ya sekta nzima, na tangu mwaka wa 2013 mto Butahu unazungusha mtambo wa umeme wa Mutwanga uliojengwa kwa njia ya Parke ya Virunga.

Vipimo vilivyofanywa upande wa Uganda, kwenye mto Mubuku, vinatoa jibu la kutuliza kidogo. Maji yanayotoka kwenye barafu ni sehemu ndogo sana ya mto, chini ya asilimia 2. Maji mengine yote ni mvua, inayoshikwa na msitu na nyasi za matope kwenye mabonde ya juu, kama sifongo, na kuachiliwa polepole. Barafu ikiisha, mto utaendelea. Msitu ukikatwa na matope hayo yakichomwa au kukaushwa, ndipo mto utapata shida. Kwa mkulima wa Mutwanga, mlinzi wa maji si kile cheupe kinachoonekana kwa mbali. Ni kile cha kijani kilicho karibu na jembe lake.

Kinachopotea ni kitu kingine. Barafu inaweka ndani yake, tabaka juu ya tabaka, habari za mvua na kiangazi za miaka mingi, na zikishayeyuka hazisomeki tena. Upande wa Congo hasara hiyo ni kubwa zaidi, kwa sababu vita na vikundi vyenye silaha, tangu miaka ya 1990, vimefunga mara nyingi njia ya Mutsora. Wapima barafu wengi wamepanda kutoka Uganda. Mteremko wa magharibi, ule ambao Stairs, Stuhlmann na de Grunne walipita, ndio unaojulikana kidogo zaidi leo.

Mwaka wa 2021, Shirika la Hali ya Hewa Duniani lilitangaza kwamba, mambo yakiendelea hivi, barafu za Afrika, yaani Kilimanjaro, Mlima Kenya na Rwenzori, zitakuwa zimekwisha katika miaka ya 2040. Mwaka uliofuata UNESCO, ambayo inahesabu Virunga na Rwenzori kama urithi wa dunia, ilisema kwamba zitakuwa zimetoweka karibu na mwaka wa 2050. Mtoto anayeingia leo shule ya msingi Mutwanga atakuwa bado kijana.

Siku hiyo theluji haitakoma kuanguka. Hilo ndilo jambo ambalo watu wengi hawalielewi. Margherita, pamoja na mita zake 5,109, itaendelea kupata usiku mweupe mara kwa mara. Lakini weupe huo utaanguka juu ya jiwe jeusi, na jua la saa tatu litaufuta. Rwenzori utakuwa kama Karisimbi ulivyo sasa: mlima ambao theluji inautembelea bila kulala.

Karisimbi unafundisha pia kwamba mlima wa namna hiyo si mpole. Waongozaji, walinzi wa parke na wapagazi watakaopanda huko watakuwa kwenye mstari uleule uliowakuta watu wa mwaka wa 1908, pasipo barafu ya kuwaonya kutoka mbali. Nguo kavu, mahema na ujuzi wa mawingu vitahitajika zaidi, si kidogo.

Na majina? Zaire, katika miaka ya Mobutu, iliuita mlima Stanley kwa jina la Ngaliema, chifu wa Wateke wa upande wa Kinshasa, ambaye mlima huu ulikuwa mbali sana naye. Leo ramani nyingi zimerudia Stanley. Majina ya malkia yalikuja mwaka wa 1906. Lile la nzururu halikuhitaji ramani. Lilikuwa la watu waliotazama juu kila asubuhi na kujua, bila kipimo chochote, mahali mvua inapokoma na theluji inapoanza. Mstari huo sasa umepanda kuliko vilele vingi vya mlima wao. Jina litabaki, na watoto wataendelea kuuliza kwa nini mlima unaitwa hivyo. Inafaa watu wazima wawe na jibu, pamoja na mita zake.